Jibu: Kipimo cha choo kiko safi, kolonoskopi ya nini?

Habari ndugu. Una miaka 27, umerithi hitilafu ya jeni ya MLH1 kwa mama (ndiyo sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana), na choo hakikuonyesha damu. Hicho kipimo hakikutoshi. Kwa MLH1 ni kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana) kila mwaka 1 hadi 2, kuanzia miaka 20 hadi 25, kwa hiyo panga sasa. Vinyama vinavyoota utumboni kwa sindromu ya Lynch mara nyingi ni bapa na hugeuka saratani upesi. Ile nafasi ya miaka 10 kati ya kolonoskopi moja na nyingine, ya watu wengine, haikuhusu.

Kinachoharibu kazi ni utumbo mchafu. Nusu ya dawa ya kusafisha kunywa jioni, nusu ya pili ianze yakibaki masaa manne hadi sita kabla ya kipimo. Choo kikiwa maji ya njano, uko tayari. Kikiwa bado na makapi, waambie wahudumu mapema. Ripoti iandikwe kama kamera ilifika penye kidole tumbo, yaani mwanzo wa utumbo mpana.