Kuzuia joto na kelele kwenye sakafu ya gari la zamani hapa Unguja

Mwenye gari la zamani akilalamika kwamba miguu inamuungua, mafundi wengi wa hapa kwetu humtandikia chochote kinene kilicho karibu: kapeti juu ya kapeti, sponji la godoro, au zile karatasi za lami za kuzibia mapaa. Mimi nina Morris Minor, gari dogo la zamani la Kiingereza, lenye injini ya cc 1098, na baada ya kuishughulikia sakafu yake ushauri wangu ni huu: katika visiwa vyetu adui wa kwanza wa sakafu ni maji na chumvi, na kitu chochote kinachonywa maji hakifai kulala juu ya bati, hata kikizuia joto na kelele vizuri namna gani.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuvua viti, mazulia na feliti yote ya zamani, yaani kile kitambaa kinene kinachotandikwa chini ya zulia. Katika gari langu feliti ya upande wa dereva iliinuka pamoja na magamba ya kutu yaliyoigandia, na chini yake palikuwa na unyevu wa mvua za vuli ilhali kaskazi ilikuwa imeshakolea. Maji hayakutoka chini ya gari, bali yalipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokwisha kukakamaa, yakateremka nyuma ya dashibodi. Kabla hujanunua chochote, mwagia vioo na milango maji kwa mpira, mtu mmoja akae ndani na tochi. Kisha piga brashi ya waya na msasa, kata bati lililooza uchomelee jipya, paka rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke kabisa. Anayekushauri ufunike kutu kwa faiba, mshukuru uende kwa mwingine.

Baada ya hapo tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani mtetemo wa bati na joto. Bati lenyewe hutetemeka na kuvuma, na debe tupu, kama tujuavyo, haliachi kuvuma. Dawa yake ni mikeka ya mpira wa butili yenye karatasi ya alumini juu, unene wa milimita 2 hivi. Mikeka hii haihitaji kufunika sakafu nzima, kwani robo hadi nusu ya kila bati pana, hasa sehemu ya katikati, inatosha kuua mtetemo. Safisha bati kwa spiriti, bandika, kisha kandamiza kwa rola ndogo mpaka vile vinundu vya kwenye alumini vilale vyote, kwa sababu pale vinapobaki vimesimama mkeka haujashika na chini yake pamebaki hewa. Ukigonga kwa kifundo cha kidole, mlio uliokuwa wa bati sasa utakuwa mzito na mfupi. Mikeka ya lami ni ya bei rahisi zaidi, lakini gari likiachwa juani hulainika na kutoa harufu, nami siipendekezi.

Butili haizuii joto kwa kiasi cha maana. Kwa joto tandika juu yake sponji ambalo vitundu vyake vimefungwa, la milimita 6 hadi 10. Lijaribu kwa kuzamisha kipande ndani ya maji na kukikamua, na kikitoa maji usilinunue. Karatasi ya alumini inayong'aa hurudisha joto pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kati ya bati na zulia haina faida kubwa. Katika Minor ekzosi hupita upande wa kushoto, ndiyo maana abiria wa mbele huumia zaidi, na ngao ya bati iliyofungwa chini ya gari, kati ya ekzosi na sakafu, ikiwa na upenyo wa hewa pande zote, humsaidia kuliko tabaka lolote la ndani.

Halafu yako matundu. Upenyo mdogo kwenye pedali, gia, usukani au nyaya hupitisha kelele na hewa ya moto ya injini kiasi cha kuipunguzia thamani kazi yote, kwa hiyo badilisha mipira yote ya kuzibia matundu hayo iliyochanika. Kama fedha ni chache, zitumie hapa na kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria kabla ya kufikiria viti vya nyuma.

Jambo moja la usalama: silinda kuu ya breki ya Minor iko chini ya miguu ya dereva, na mafuta yake hukaguliwa kupitia tundu la sakafuni. Kata mikeka kuzunguka tundu hilo, pamoja na mfuniko wa giaboksi unaofunguliwa kwa skrubu, ili fundi asilazimike kuchana kazi yako siku breki zitakapohitaji kuhudumiwa. Zulia nalo usiligandishe kwa gundi. Lishikwe kwa vishikizo, ili wakati wa masika uweze kulitoa na kulianika kila jua linapopatikana.