Mbwa wa kijijini na safari ya Ujerumani: yaliyonikuta mimi hapa Mufindi

Kamwene, ndugu mleta mada. Nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Makete, umepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, unasubiri tarehe ya ubalozi, na una mbwa wa miaka minne usiyejua umfanyeje: umbebe, umgawe, au umwachie mama yako ambaye miguu inamsumbua. Waliotangulia kukujibu wamesema mbwa ni mbwa tu, akili yako iwe kwenye viza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mimi niko kwenye njia hiyohiyo tangu 2023, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Nakaa upande wa Igowole. Nina chai kidogo, mahindi, viazi, na mipaina aliyoniachia marehemu baba. Mbwa wangu anaitwa Watasema. Baba ndiye aliyempa jina hilo mwaka 2018, wakati tunahamia kwenye kiwanja hiki na majirani wana maneno mengi. Kila jioni baba alikuwa anasimama uani anaita "Watasema!" kwa sauti, na waliolengwa walikuwa wanasikia. Baadaye majirani wakawa ndugu, jina likabaki kwa mbwa.

Wewe ni wa Makete, baridi ya mwezi wa sita na wa saba huhitaji kuelezewa. Watasema analala jikoni, kwenye majivu. Tukimaliza kula na moto ukishakufa, anazunguka mara mbili tatu, anajichimbia kitako kwenye majivu yenye uvuguvugu, anaficha pua chini ya mkia. Asubuhi nikifungua mlango wa jiko anatoka uso wote wa kijivu kama mzee, anajikung'uta pale kizingitini, majivu yanaruka, ndipo rangi yake ya kahawia inaonekana. Halafu tunashuka wote kwenye chai, ukungu bado umelala bondeni na milingoti inadondosha maji kama mvua. Yeye anatangulia hatua kumi, anasimama, anageuka kuangalia kama nakuja. Miaka saba, kila siku, anageuka palepale kwenye kona ya mto.

Mahindi yakianza kubeba ndipo kazi yake kubwa inaonekana. Nguruwe pori wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi unakuta pamelala kama pamepitiwa na trekta. Watasema hawakamati, hana ubavu huo, lakini anawasikia kabla yangu, na kubweka kwake kunatosha kuniamsha nitoke na tochi na debe la kupiga. Ninaposikia mtu anasema mbwa ni mbwa tu, najiuliza kama ameshawahi kulala kibandani mwezi wa nne akilinda mahindi peke yake.

Kijerumani nimejifunzia kwenye chai. Simu mfukoni, sikio moja lina kifaa, mikono inachuma, mdomo unakariri. Watasema alikuwa analala kati ya mistari ananisikiliza. Bila mimi kupanga, akashika neno moja: "komm", yaani njoo. Nikilitamka tu kwenye zoezi, anainuka anakuja. Mpaka leo ukimwita kwa Kiswahili anafikiria kwanza, ukisema "komm" anakuja mbio.

Sasa tuje kwenye kumbeba, maana hilo ndilo ulilouliza kwanza. Nililifuatilia kwa moyo wote mwaka 2024. Kwa Umoja wa Ulaya, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia kirahisi, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo kwetu. Hivyo mbwa lazima awekewe chipu, kidude kidogo chenye namba ya kumtambulisha, chini ya ngozi, na chipu itangulie chanjo au ziwekwe siku moja. Ukichanja leo ukaweka chipu mwezi ujao, chanjo hiyo haihesabiki, unaanza upya. Baada ya chanjo ya kichaa unasubiri angalau siku 30 ndipo anatolewa damu kupima kama kinga imefikia uniti 0.5 kwa mililita. Damu hiyo hupimwa kwenye maabara zinazotambuliwa na Umoja wa Ulaya, na mimi nilipouliza Dar niliambiwa sampuli itasafirishwa nje ya nchi. Majibu yakiwa mazuri, unahesabu miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Kwa hiyo hata mambo yakinyooka yote, ni zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo kuna cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, ambacho hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia Ulaya, na kibali cha kutoa mnyama nchini kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi. 

Jingine ambalo watu hawalijui: mbwa anatakiwa asafiri na wewe, au ndani ya siku tano kabla au baada ya safari yako. Ukitangulia wewe, yeye akafuata baada ya miezi sita, anaingia kwenye utaratibu wa wanyama wa biashara, mgumu zaidi. Usijidanganye kwamba utamvuta baadaye ukishajipanga.

Lakini kilichonikatisha mimi si karatasi. Nilikaa nikajiuliza anakwenda kuishi wapi. Mafunzo ya uuguzi kule ni miaka mitatu, kazini ni kwa zamu, na mwanafunzi anaanzia kwenye chumba kimoja, mara nyingi bweni. Kupanga nyumba na mbwa kunahitaji mwenye nyumba akubali, na manispaa wanatoza kodi ya mbwa kila mwaka. Kodi ningelipa. Ila Watasema hajawahi kufungwa kamba maisha yake yote. Nimfungie chumbani ghorofa ya tatu saa tisa, nirudi nimechoka, nimtembeze barabarani nusu saa kwa kamba, usiku nimfungie tena? Huko ningekuwa nampeleka kwa ajili yangu mimi, niwe na kitu cha nyumbani cha kukumbatia. Mbwa wako wa miaka minne labda ni tofauti, kama ni wa kukaa ndani na amezoea mjini. Wewe ndiye unayemjua.

Basi nikaamua kumwacha, na hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote.

Mwezi wa sita 2024 nilimpeleka kwa ndugu yangu mmoja Mafinga. Ana nyumba nzuri, ana ukuta, ana uwezo. Alinikubalia haraka, akasema, "Leta tu, wewe nenda kasome, usiwe na wasiwasi." Nikaona neema. Nilimpandisha kwenye kirikuu akiwa anatetemeka, nikakaa naye nyuma, nikamfikisha, nikaondoka wakati anakula ili asinione. Wiki tatu baadaye nikapita bila taarifa. Nilimkuta nyuma ya choo, amefungwa na waya kwenye mti wa parachichi. Waya umekula ngozi ya shingo, kidonda kibichi, nzi wamejaa. Mbavu unahesabu. Hakubweka aliponiona. Alilala chini akaweka kichwa juu ya kiatu changu.

Sikugombana na ndugu yangu. Hakuwa na roho mbaya. Mbwa alikuwa anachimba bustani, watoto wanamwogopa, mwenyewe anashinda kazini, akaona amfunge. Alinikubalia kwa sababu alinionea huruma mimi. Yeye mwenyewe hakuwa anamhitaji mbwa. Nilimrudisha nyumbani siku hiyohiyo, nikamsafisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi asubuhi na jioni, afisa mifugo wa kata akamchoma sindano. Manyoya ya pale shingoni mpaka leo hayajaota vizuri.

Ndugu yangu, mtafutie mbwa mtu anayemhitaji, usimtafutie anayekuhurumia wewe. Na umkabidhi wakati bado upo, uone kwa macho yako anaishije.

Wa kwangu alikuwepo hapahapa ng'ambo ya bonde na sikumwona. Ni mama mmoja mjane, namwita mamkubwa. Watoto wake wako Makambako na Dar, shamba lake limepakana na msitu, na kila mwaka nguruwe walikuwa wanamtia hasara. Tulipokuwa tunasaidiana kupukuchua mahindi akaniambia, "Mwanangu, mimi ningekuwa na mbwa kama huyu ningelala." Nikashtuka. Miezi yote hiyo natafuta watu wenye kuta, na anayemhitaji mbwa nakunywa naye ulanzi kila masika.

Tulianza Januari 2025, polepole. Mwezi wa kwanza nilikuwa naenda naye jioni kwa mamkubwa, chakula chake kinapikwa kule, na anayempa ni mamkubwa kwa mkono wake. Ugali wa dona, maji ya dagaa, basi. Mimi nakaa kwenye kigoda nje, simgusi. Akimaliza tunarudi wote. Mwezi wa pili nikawa namwacha alale kule usiku mmoja, halafu mbili. Usiku wa kwanza alirudi saa nane, amelowa umande, anakwaruza mlango. Nilimfungulia, nikamrudisha palepale na tochi, bonde zima, baridi ile, machozi yananitoka kusema kweli. Mamkubwa alikuwa hajalala. Alikuwa amemwachia jiko wazi na majivu ya moto.

Ilichukua kama miezi mitatu mpaka akawa anabaki bila kutoroka. Mahindi ya mwaka huo mamkubwa alivuna shamba lote.

Nimekubaliana naye mambo kadhaa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ili ndugu zake wasije wakaona nimemtupia mzigo. Chai yangu anachuma yeye nikiondoka, na sehemu ya hela ya chai ni ya chakula cha Watasema. Gunia moja la mahindi kila mavuno. Namba ya afisa mifugo iko kwenye simu yake. Na hafungwi kamba.

Kuhusu mama yako. Kama miguu inamsumbua, usimwachie yeye peke yake hata kama anampenda. Nani atamkamata akichanjwa? Nani atamfuata akipotelea msituni? Muache kwake kama kuna kijana pale nyumbani ambaye naye anamtaka mbwa, na huyo kijana ndiye umkabidhi.

Chanjo ya kichaa usiondoke bila kuifanya, na iendelee kila mwaka ukiwa huko. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kwa kawaida hakuna kupona, na wengi wanaokipata kwetu wamekipata kwa mbwa. Mbwa aliyeachwa na kusahaulika ndiye anayeanza kuzurura, anapigana na mbwa wasiojulikana, anarudi anang'ata mtoto. Wafundishe wanaobaki: mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mimi mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B1 nimefaulu, mkataba wangu unaanza Oktoba. Jana jioni nilikuwa nafunga mbao, nikasikia ng'ambo mamkubwa anaita, "Komuuu! Komu!" Hajui ni Kijerumani, anadhani ndilo jina lake la pili. Watasema alikuwa amelala miguuni kwangu. Akainuka, akajinyoosha, akashuka bondeni. Kwenye kona ya mto aligeuka kuniangalia kama kawaida yake. Sikusema kitu, akaendelea kwenda.

Kadi yake ya chanjo nimeifunga kwenye nailoni, iko kwenye kopo la chumvi jikoni kwa mamkubwa. Tarehe ya chanjo ijayo ni mwezi wa tisa, nitamshika mimi mwenyewe. Wewe anza sasa hivi, usingoje viza itoke. Ukikwama kwenye mambo ya chipu na damu, uliza hapahapa, nitajibu.