Dhahabu yangu imegeuka buluu

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Niko mwanafunzi wa kemia hapa Goma. Tulichemsha kloridi ya dhahabu na sitrati ya sodiamu, tukapata maji mekundu kama divai. Nikaongeza maji ili yaenee chupa tatu. Kabla sijafunga vifuniko yakawa buluu, na asubuhi nikakuta unga mweusi chini. Mbona chembe za dhahabu zimeshikana? Mwanafunzi, Himbi.

JIBU: Jambo mwanangu. Barua nzima hujasema uliongeza maji gani. Mimi naona bidoni ya manjano, dumu la maji ya ziwa!

Kushikana ndiyo tabia ya chembe hizo. Zako huenda zina upana wa nanomita 20 hivi. Ukizipanga mstari, 50,000 ndizo zitajaza milimita moja. Zikikaribiana zinavutana, na metali kama dhahabu huvutana kwa nguvu kweli. Kinachozitenga ni sitrati: inajibandika juu ya kila chembe na kuivika chaji hasi, basi zinasukumana.

Sasa maji ya Ziwa Kivu, hata yakiwa meupe namna gani, yamejaa madini. Chemsha sufuria moja mpaka ikauke, uone utando unaobaki. Ioni chanya za humo, yaani atomi zenye chaji chanya, huizingira chembe na kuifunika chaji yake. Kwenye maji yenye sentigramu 6 za chumvi ya jikoni kwa lita, msukumo hufika kama nanomita 10. Tia gramu 6, unabaki nanomita 1, na hapo chembe zimeshagusana. Magnesiamu, ambayo ziwa letu linayo tele, ni mbaya zaidi kwa kuwa ioni yake ina chaji mbili.

Chembe zikisongana, elektroni zake hutikisika pamoja, zinameza mwanga wa upande wa nyekundu, nawe unaona buluu. Mwanasayansi Mwingereza Faraday aliyaona hayo London mwaka 1857, kwa chumvi vilevile.

Mimi nilipoteza kazi ya wiki nzima kwa chupa niliyoisuuza kwa maji ya ziwa nikaianika. Ilikuwa inang'aa! Kwa hiyo hata suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa. Ukilazimika kutia chumvi, tangulia kutia jelatini kidogo. Huzivika chembe koti nene.

Hizo zilizokwisha kushikana, kutikisa chupa hakutazirudisha. Ila unga usiumwage, ni dhahabu bado. Mpelekee asistanti wenu auyeyushe upya.