Besi iko wapi kwenye albamu ya kwanza ya mpiga gitaa Wes Montgomery akiwa kiongozi?

Umeuliza kwa nini jalada la The Wes Montgomery Trio (lebo ya Riverside, 1959) halina mpiga besi. Besi ipo: ni Melvin Rhyne, mpiga ogani. Katika kundi la watu 3, mkono wa kushoto wa mpiga ogani ndio besi, miguu ikisaidia kwenye pedali. Wa kulia unabaki na akodi (noti kadhaa kwa pamoja) na solo. Paul Parker yuko kwenye ngoma. Ukisikilizia spika ya simu, noti hizo nzito hupotea na albamu huonekana nyembamba. Tumia hedifoni nzuri, uanze na "Missile Blues".

Ukitaka kupiga gitaa katika kundi kama hili, usiguse noti za msingi (zinazoipa akodi jina lake) kwenye nyuzi za 6 na 5 unaposindikiza. Zitagombana na besi ya ogani na sauti itavurugika. Baki nyuzi 4 nyembamba, wa 1 hadi wa 4. Kwenye solo, oktavi za Montgomery (noti ileile, ya chini na ya juu kwa pamoja) hupigwa kwa kidole gumba, bila kipiki: kutoka uzi wa 5 kwenda wa 3, freti 2 mbele; kutoka wa 4 kwenda wa 2, freti 3. Uzi wa katikati uzimwe kwa kidole cha shahada. Wengi husahau hapo, na uzi huo hulia.