Jibu kwa uzi "Familia tano tununue nyumba ya vyumba 6 Breckenridge": kabla hujatuma hela Ijumaa

Mkuu, usitume hiyo hela. Salamu baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili, nikatoka nje kidogo kupunga upepo. Familia tano mnachanga, mnanunua nyumba kubwa Breckenridge, Colorado, mnakaa humo Krismasi na likizo za watoto, siku zilizobaki mnapangisha wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Umeuliza mkopo uandikwe jina la nani, hita ya aina gani, mchukue na fanicha zake au la, na kama ni lazima iwe jirani na lifti za mlimani. Halafu mwishoni kabisa, kama unapita tu, umeandika dalali kakuhakikishia "nyumba inajilipa yenyewe."

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, 2022. Hayo hayo! Nadhani kuna mahali wanafundishwa.

Sisi tulikuwa familia nne za hapa Aurora. Kila familia ikatoa dola 150,000, benki ikatupa milioni 1.6, tukachukua mjengo wa milioni 2.2 wenye vyumba sita na beseni la maji moto uani. Riba ilikuwa imepanda hadi kugusa asilimia 7, kwa hiyo rejesho peke yake lilipita dola 10,600 kwa mwezi. Hatukuogopa, maana dalali alitutolea hesabu za muuzaji: mwaka uliotangulia nyumba iliingiza dola 160,000 kwa wageni wa siku mbili tatu. Karatasi zilikuwa halali, na hela aliipata kweli.

Na usidhani tulikuwa mbumbumbu. Shemeji yangu aliuliza mbele yetu wote, "Leseni ya kupangisha ipo?" Dalali akajibu, "Ipo, msiwe na shaka."

Mpaka leo siwezi kusema alidanganya. Leseni ilikuwepo. Ilikuwa ya muuzaji.

Pale Breckenridge leseni ya kupangisha kwa muda mfupi, yaani chini ya siku 30, inashikwa na mwenye nyumba. Haihami pamoja na ufunguo. Akiuza, yake imekufa, na mnunuzi anaanza kuomba upya. Zamani hilo halikuwa tatizo: unajaza fomu, unalipa, unapewa. Lakini wafanyakazi wa mji walikuwa wamekosa pa kulala kwa sababu kila nyumba imegeuzwa hoteli, basi halmashauri ikaweka kikomo cha leseni, na 2022 ikaugawa mji kwa kanda, kila kanda na idadi yake. Yale majengo ya hoteli chini ya mlima yakaachwa bila kikomo. Mitaa ya kawaida yenye majumba makubwa kama unalolitaka wewe ikatupwa Kanda ya 3, leseni 390 tu, wakati waliokuwa nazo tayari walikuwa wengi kuliko hizo. Sasa piga hesabu mwenyewe foleni inasogea lini.

Sisi tulipewa funguo Novemba 2022. Tukanunua mashuka ya seti kumi na mbili. Tukapiga picha nyumba nzima mpaka beseni. Nikaenda ofisi ya mji na fomu yangu ya kuomba leseni, nimevaa koti jipya kama mwenye mji, dada wa dirishani akaangalia anwani, akaangalia ramani, akaniangalia mimi. Akaniambia kwa upole sana kwamba anaweza kuniandika kwenye orodha ya kusubiri. Nikamuuliza mpaka mwezi gani. Hakucheka, namshukuru.

Nilimpigia dalali nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi za ofisi. Akasema yeye si mwanasheria, na kwamba mkataba unasema mnunuzi ajiridhishe mwenyewe. Kamisheni alikuwa ameshakula. Wewe mtu umetuendesha kwenye gari lako wikendi tatu, umekula sambusa za mke wangu, hukupata nafasi ya kusema neno moja tu, "haihami"? Sina hamu naye hata leo. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe tulilibeba kwa furaha.

Basi tukapangisha kwa miezi kwa vijana wanaofanya kazi mlimani, dola 5,500. Ukijumlisha kodi ya nyumba, bima, ada ya chama cha wenye nyumba na yule bwana wa kusomba theluji, kila familia ikawa inaongeza 1,800 kila mwezi, miezi 18. Mei 2024 tukauza kwa milioni 2.15, tukalipa madalali, tukalipa benki, kila mmoja akaondoka na kama 115,000. Jumla nimeacha kule dola elfu 67 na ushee. Nimelala katika nyumba ile usiku 11. Hoteli ya dola elfu sita kwa usiku, na vyombo unaosha mwenyewe. Kwa hela hiyo Kigamboni ningekuwa nabishana na fundi kuhusu rangi ya geti.

Hita: gesi, na msiizime mkiondoka hata kama bili inauma. Mmoja wetu aliizima "kubana matumizi", bomba likaganda likapasuka, dari ya jikoni ikashuka yote. Na mama mkwe asipelekwe siku ya kwanza. Mji uko kama mita 2,900, juu kuliko kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Wa kwangu alikesha ameketi kitandani anasema mrudisheni Tanga.

Turudi kwenye leseni. Usiulize "ipo?" Uliza "mimi nikinunua, nitapewa, lini, na nani kaandika hivyo?" Jibu litoke ofisi ya mji kwa barua pepe, likitaja anwani ya nyumba. La dalali halihesabiki, la muuzaji halihesabiki, la binamu yako mwenye Airbnb Orlando ndiyo kabisa. Na angalieni hiyo anwani vizuri, maana nyumba nyingi zinaandikwa Breckenridge kwenye posta kumbe ziko mji wa Blue River, au ziko chini ya Summit County, na kila mmoja ana masharti yake. Dalali akikwambia "huku nje ya mji hakuna shida", muulize nje ya mji upi.

Kama mmeshasaini ofa, msikate tamaa. Mkataba wa Colorado una tarehe zake za kukagua na kujitoa, na mkijitoa kwa maandishi kabla hazijapita, hela ya kishika nafasi inarudi. Tafuta hizo tarehe usiku huu, ziko kwenye jedwali la kurasa za mwanzo. Nitumie anwani ya nyumba inbox, nikuoneshe iko kanda gani. Kesho niko zamu ya usiku, kwa hiyo mchana mzima simu yangu iko wazi.