Maswali na majibu: kujenga na kuendesha baiskeli ya chuma ya milimani

Barua za mwezi huu zinafanana. Msomaji amekuta fremu nzuri ya chuma katika marundo ya baiskeli za mtumba, ameinunua kwa bei ya kuridhisha, na sasa anataka kuijenga iwe baiskeli ya milimani yenye shokapu ya mbele tu, yaani ile ambayo gurudumu lake la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye fremu bila springi. Nimechagua maswali sita, na ninaomba radhi mapema kwa yeyote atakayechoshwa na jinsi ninavyorudia neno "pima".

Shikamoo fundi. Ninaoendesha nao wana fremu za alumini, nao hunitania kwamba yangu ya chuma ni mzigo. Je, nimekosea? (Msomaji wa Arusha)

Marahaba. Kwa uzito wanasema kweli, ingawa si kwa kiasi wanachodhani. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85 hivi, na ya alumini ina gramu 2.7, lakini chuma kina ukakamavu unaokaribia mara tatu ya alumini, na kwa hiyo mtengenezaji huweza kutumia mabomba ya kipenyo kidogo yenye kuta nyembamba sana, ambazo katika fremu nzuri zinaweza kuwa na milimita 0.9 kwenye ncha, mahali panapochomelewa, na milimita 0.6 tu katikati. Tofauti inayobaki kati ya fremu mbili zilizokamilika aghalabu ni kilo moja au pungufu, na mtu anayepanda kilima akiwa na lita mbili za maji mgongoni hana haja ya kuijadili sana.

Hata hivyo sitakuunga mkono ukiwajibu kwamba chuma ni laini na kinameza matuta. Nimewahi kuyasema hayo mwenyewe, tena kwa kujiamini, kabla sijajaribu magurudumu yale yale kwenye fremu mbili tofauti. Fremu ni pembetatu mbili zilizoungana, na pembetatu haikubali kukunjika kwenda chini kwa urahisi. Kinachomeza matuta ni tairi pana lenye upepo wa kadiri, kisha nguzo ya siti, kisha magoti yako.

Faida za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kwamba chuma kina kikomo cha mkazo ambacho, ukibaki chini yake, kinaweza kukunjwa na kunyooka mamilioni ya mara bila kuanza ufa, ilhali alumini haina kikomo cha namna hiyo, na mtengenezaji wake hana budi kuongeza unene ili ufa uchelewe. Ya pili ni kwamba chuma kikipasuka kinaungika. Alumini ya aina ya 6061, ambayo fremu nyingi hutengenezwa nayo, hupoteza nguvu kando ya mshono na huhitaji kutiwa tena tanurini kwa joto lililopimwa. Chuma cha kromoli, chenye kiasi kidogo cha kromiamu na molibdenamu, kinaungwa karakana yoyote yenye mitungi ya gesi na mkono uliotulia. Ninasema mkono uliotulia kwa makusudi. Usimpelekee mchomeleaji wa mageti mwenye mashine ya vijiti vya umeme, kwa sababu ukuta wa milimita 0.6 utatoboka kabla hajavua miwani. Mtafute anayeunga kwa shaba na moto wa gesi, ambaye joto lake huyeyusha shaba bila kuyeyusha bomba lenyewe.

Isome pia stika ya fremu yako kwa makini. Ikitaja 4130, ambayo ni namba ya chuma cha kromoli, au watengenezaji wa mabomba kama Reynolds, Columbus au Tange, umepata kitu kizuri. Lakini zipo stika zinazosema kwamba mabomba matatu makuu tu ndiyo ya kromoli, na maana yake ni kwamba sehemu ya nyuma ni ya chuma cha kawaida, kizito zaidi. Fremu kama hiyo haina ubaya, mradi hukuilipia bei ya ile nyingine.

Nina fremu ya miaka ya 1990 ya magurudumu ya inchi 26. Nimepata uma wa shokapu wenye mwendo wa milimita 140 na ninataka kuufunga. Rafiki yangu anasema fremu itavunjika. (Msomaji wa Nairobi)

Msikilize rafiki yako. Fremu ya miaka hiyo ilipangiwa uma mgumu, usio na springi, au wenye mwendo, yaani umbali wa kuzama, wa milimita 60 hadi 80. Uma ukirefuka, mbele kunainuka, na kwa makadirio ya karakana kila milimita 20 zinazoongezeka huilaza shingo kwa digrii moja hivi, siti inarudi nyuma, na ekseli ya pedali, ile inayopita chini ya fremu, inapanda juu. Baiskeli inakuwa nzito kugeuza kwenye mpando, kwa kuwa gurudumu la mbele linatangatanga. Hayo bado ni usumbufu tu. Hatari iko kwenye mshono wa bomba la chini na bomba la shingo, kwa maana uma mrefu ni wenzo mrefu, na kila jiwe unalolipiga linauvuta mshono huo kwa nguvu ambayo aliyeuchomelea hakuitarajia.

Kabla ya kununua, weka rula kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele hadi pale uma unapokutana na beringi ya chini ya shingo. Hicho ndicho kipimo chenye maana, wala si mwendo wa shokapu peke yake, kwa sababu uma wa gurudumu la inchi 29 wenye mwendo wa milimita 100 una urefu wa milimita 500 hivi, na unazizidi kwa mbali uma nyingi za inchi 26 zenye mwendo uleule. Fremu ya zamani ikipata uma uliozidi ule wa awali kwa milimita 20, nitainyamazia. Ukizidi hapo sitaufunga.

Kuna kikwazo kingine ambacho hukukitaja. Uma nyingi za sasa zina shina, yaani bomba la juu linaloingia shingoni, linalotanuka kwenda chini hadi inchi 1.5, ilhali bomba la shingo yako, kama fremu ni ya miaka hiyo, huenda linapokea shina lililonyooka la inchi 1 na 1/8 tu. Hakuna beringi itakayoliingiza shina nene katika bomba jembamba. Pima tundu kwa kalipa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Fundi wa mtaani ameshindwa kufunga ekseli ya pedali. Anasema hesi za fremu ni mbovu. Nifanye nini? (Msomaji wa Mwanza)

Muulize alikuwa akiizungusha kuelekea upande gani. Katika fremu nyingi za milimani za chuma, kikombe cha upande wa kulia, penye mnyororo, kina hesi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Nilipokuwa mwanafunzi wa karakana nilikilazimisha kikombe hicho kwa spana na bomba la kurefushia mkono, na nilisimama pale tu nilipoona vipande vinavyong'aa sakafuni. Fremu ilikuwa ya mteja. Kama hesi zako zimejeruhiwa kidogo, fundi mwenye kifaa cha kukata hesi za inchi 1.37 anaweza kuzisafisha. Upana wa ganda, yaani bomba fupi la fremu linalobeba ekseli hiyo, pia hupimwa, nao ni milimita 68 au 73. Na usisahau kwamba pedali ya kushoto nayo ina hesi za kinyume.

Ninaishi Tanga, karibu na bahari. Fremu ya chuma itadumu kweli katika chumvi hii? (Msomaji wa Tanga)

Itadumu, iwapo utaitunza kwa ndani zaidi ya nje. Kutu ya nje unaiona na kuipaka rangi. Inayoua fremu ni ile ya ndani ya mabomba, inayoanza pale maji yanapoingia kwa nguzo ya siti na kutuama juu ya ekseli ya pedali. Kabla ya kufunga kitu chochote, mimina ndani ya kila bomba mafuta ya kitani yaliyochemshwa, igeuzegeuze fremu hadi yaenee, kisha iache ining'inie siku mbili tatu yakauke. Hakikisha tundu la kutolea maji chini ya ganda la ekseli limezibuka.

Jambo la pili watu wengi wa pwani hulijua wakiwa wamechelewa. Nguzo ya siti mara nyingi ni ya alumini, nayo ikikaa ndani ya bomba la chuma huku maji ya chumvi yakiwa katikati, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri, alumini inalika na kuvimba, na nguzo inagandamana na fremu. Ipake grisi nyingi na uichomoe walau mara moja kwa mwezi, hata kama huna haja ya kubadilisha urefu. Nimeona nguzo iliyobidi kukatwa kwa msumeno kipande kwa kipande, kazi ya siku nzima ambayo haina malipo yanayolingana nayo.

Baba yangu ameniachia baiskeli nyeusi ya mizigo ya magurudumu ya inchi 28. Fremu ni ya chuma kigumu. Kwa nini nisiigeuze kuwa ya milimani? (Msomaji wa Dodoma)

Wazo lako lina ukoo mzuri. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, walichukua baiskeli nzito za zamani, nyingi zikiwa za Schwinn, na kuteremka nazo njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Mashindano yao ya kwanza yaliyopangwa yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976 kwenye njia iliyoitwa Repack, jina lililotokana na breki za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, ambazo ziliunguza grisi yote katika mteremko mmoja hata ikabidi zijazwe upya. Lakini fremu hizo zilipinda na kuvunjika, na ndiyo sababu Joe Breeze, mmoja wa washiriki, alitengeneza mwaka 1977 fremu mpya ya kromoli kwa kazi hiyo.

Baiskeli ya baba yako ina upungufu huohuo na zaidi. Mabomba ya nyuma hayaachi nafasi ya tairi la zaidi ya inchi 2, habu yake ya nyuma ni nyembamba mno kwa gia za kisasa, na breki zake za fito, zinazobana ringi kwa ndani, hazitakusimamisha kwenye mteremko wenye tope. Iache ibebe magunia. Huko haina mpinzani.

Nimemaliza kujenga baiskeli yangu, lakini nikiteremka vijia vya Lushoto mikono inakufa ganzi na gurudumu la nyuma linarukaruka. Nimeharibu wapi? (Msomaji wa Lushoto)

Huenda hujaharibu chochote. Anza na upepo. Wengi hujaza matairi mpaka kidole gumba kisibonyee, kama tulivyozoea kwa baiskeli za mizigo, na tairi la namna hiyo hudunda juu ya mizizi badala ya kuikumbatia. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi la inchi 2.4 lisilo na tyubu, ningeanza na paundi 20 mbele na 23 nyuma. Kama kuna tyubu, ongeza tatu au nne ili ringi isiibane na kuitoboa. Kisha funga pete ya mpira kwenye mguu wa shokapu, kaa juu ya baiskeli taratibu, na uangalie pete imesogea kiasi gani: katika shokapu ya milimita 120, milimita 18 hadi 24 zinatosha.

Sasa tuje kwako mwenyewe. Baiskeli isiyo na springi nyuma haiendeshwi kwa kukaa. Shusha siti kabla ya mteremko, simama juu ya pedali zikiwa sawa kimo, visigino vikiwa chini kidogo, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, na uiache baiskeli icheze chini yako. Uzito ukiwa miguuni, mikono inabaki na kazi ya kuelekeza tu, na ganzi itapungua. Ikiendelea, legeza mkono wa breki uuinamishe mpaka kifundo cha mkono wako kisipinde, na utumie kidole kimoja tu kuvuta.

Gurudumu linalorukaruka mara nyingi ni gurudumu lililofungwa breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, hivyo punguza mwendo kwa hiyo mahali palipo sawa, kabla ya mawe na kabla ya kona, kisha uiachie ukiwa juu ya mawe. Shokapu yako ikizama, nyuma haizami nayo, na kwa hiyo shingo ya baiskeli husimama wima zaidi wakati uleule unapotaka ilale. Ukivuta breki ya mbele kwa ghafla kwenye kingo ya jiwe, utarushwa juu ya usukani. Chagua kijia kifupi, ukiteremke mara tano kwa upepo tofauti kila mara, na uandike paundi ulizotumia kwenye karatasi.