Kama Mungu angeweza kusamehe kwa neno tu, kwa nini Mwanawe alitwaa mwili?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni katekista katika kigango kimoja cha Tanga. Jirani yangu Mwislamu, ambaye tunaheshimiana sana, aliniuliza: ikiwa Mungu ni Mwenyezi na mwingi wa rehema, anashindwaje kusamehe kwa kusema tu, mpaka Mwanawe azaliwe, ateswe na kufa? Nilimjibu kwamba Yesu alilipa deni letu, lakini hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Jambo la pili linanigusa zaidi. Mama yangu ni mgonjwa sana na anaogopa kufa. Mwanajumuiya mmoja alimwambia kwamba mwenye imani haogopi. Nilipomkumbusha Yesu alivyokuwa Gethsemane, akasema Yesu hakuogopa kweli kwa kuwa alikuwa Mungu. Ni mwili tu uliotetemeka. Je, ni sahihi?

JIBU: Milele amina. Pole kwa kuuguza. Nitaanza na swali la jirani, kwa sababu lisipokaa sawa hilo, la mama nitalijibu kwa maneno ya kufariji tu, na maneno hayo nadhani umekwisha kuyasikia ya kutosha.

Kuna jambo moja ambalo jirani yako analisema kweli, na inafaa umkubalie waziwazi: Mungu hashindwi. Mtakatifu Agostino aliandika kwamba Mungu hakukosa njia nyingine za kutuokoa, maana vyote viko chini ya uwezo wake, ila haikuwapo njia iliyofaa zaidi kuponya unyonge wetu. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alimfuata katika hilo. Kwa hiyo ukimwambia jirani kwamba Mungu alibanwa na sheria fulani iliyo juu yake, utakuwa umesema zaidi ya yale ambayo walimu hawa walikubali kuyasema. Tunachofundisha ni kwamba Mungu alichagua kutwaa ubinadamu wetu, na kwamba uteuzi huo una sababu inayoeleweka.

Sababu hiyo aliieleza Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria kule Misri, katika karne ya 4, akiwajibu watu waliouliza karibu vilevile anavyouliza jirani yako. Alisema kwamba wakati vitu havijakuwapo, agizo la Mungu lilitosha kuviumba; lakini mwanadamu alikuwa amekwisha kuwapo, naye ameharibika, na uharibifu huo haukukaa pembeni yake ili uondolewe kwa amri, bali ulikuwa umeshikamana na mwili wake, umeingia ndani. Toba, asema Atanasi, humzuia mtu asiendelee kutenda dhambi, lakini haimwondoi katika mauti ambayo yamekwisha kumtawala. Ingekuwa kosa tu, bila uharibifu uliofuata, toba ingetosha. Kwa kuwa kifo kiliingia katika ubinadamu wenyewe, uzima nao ulipaswa kuingia humohumo.

Sasa lile jibu lako la deni. Silikatai, kwa maana Bwana mwenyewe alisema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi (Mk 10:45), na Mtakatifu Anselmo wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alijenga juu ya wazo la malipizi hoja nzito inayosomwa mpaka leo. Lakini likisimama peke yake, ndipo hoja ya jirani inapopata nguvu, kwa kuwa mwenye kudai ana haki ya kufuta deni akitaka. Chukua mtu anayedaiwa dukani naye amelala na homa: mwenye duka akichana daftari la madeni mbele yake, deni limekwisha, ila homa iko palepale. Makatekista wengi, na mapadre pia, tunahubiri kuchanwa kwa daftari na kuisahau homa, halafu tunashangaa watu wakiuliza Krismasi ilikuwa ya nini.

Homa yenyewe ni ipi? Ni mauti, na ni utashi wetu uliopinda, yaani uwezo wetu wa kutaka na kuchagua, ule unaojua jema na kugeukia baya. Ukilikubali hili, linafuata jingine kubwa zaidi: mganga lazima afike kila mahali ugonjwa ulipofika. Na hapa ndipo tunapokutana na yule mwanajumuiya wenu, ambaye bila kujua anarudia fundisho lililokataliwa zamani sana.

Apolinari, askofu wa Laodikia katika Siria, hakuwa adui wa Kristo. Alikuwa rafiki wa Atanasi na mtetezi hodari wa imani iliyotangazwa katika mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325, kwamba Mwana ni Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli. Kosa lake lilitokana na heshima iliyopita kiasi. Aliona kwamba akili ya mwanadamu ni kigeugeu, huelekea dhambi kwa urahisi, hivyo haistahili kuwamo ndani ya Mwokozi. Akafundisha kwamba Neno, yaani Mwana wa Mungu, alitwaa mwili wenye uhai, lakini mahali pa akili ya kibinadamu akakaa Neno mwenyewe. Kristo wa namna hiyo mwili wake unaweza kutetemeka, lakini hakuna mtu ndani yake anayeogopa. Mtaguso wa kwanza wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulilihukumu fundisho hilo. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alieleza sababu katika barua yake kwa padre Kledonio, kwa maneno ambayo Kanisa halijayaacha: kisichotwaliwa hakikuponywa, kilichounganishwa na Mungu ndicho kinachookolewa. Kama Adamu angeanguka nusu, asema Gregori, ingetosha Kristo kutwaa nusu. Lakini alianguka mzima. Tena akaongeza kwamba akili ndiyo iliyopokea amri ya Mungu na ndiyo iliyotangulia kuivunja, kwa hiyo ndiyo iliyohitaji wokovu kuliko sehemu nyingine yoyote. Apolinari aliiondoa katika Kristo akidhani anamtukuza, kumbe alikuwa anatunyima sisi dawa.

Sasa fungua Injili ya Marko, sura ya 14, kuanzia mstari wa 32, uisome polepole. Yesu amefika chini ya Mlima wa Mizeituni. Anawaacha wanafunzi wengine na kuondoka na Petro, Yakobo na Yohana, walewale watatu waliomwona aking'aa mlimani. Marko anasema “akaanza kufadhaika sana na kuhangaika”, na Yesu mwenyewe anawaambia: “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa.” Angalia kinachohuzunika: hasemi ni mwili wake, anasema ni roho yake. Anaposema kwamba mwili ni dhaifu, katika mstari wa 38, anawaonya wanafunzi walioshindwa kukesha hata saa moja. Anakwenda mbele kidogo, anaanguka chini, anaomba. Anarudi, anawakuta wamelala. Anakwenda tena na kuomba kwa maneno yaleyale. Mara tatu anakwenda na kurudi. Mtu anayeigiza hana haja ya kurudia sala ileile wakati watazamaji wake wamelala usingizi.

Na maneno yenyewe ni haya: “Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe.” Ni nani anayesema hivyo? Swali hili liligawanya Kanisa zaidi ya miaka 200 baada ya Apolinari. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulikuwa umekiri kwamba Kristo ni mmoja na yuleyule, Mungu kweli na mtu kweli, mwenye asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, zisizochanganyika wala kubadilika, zisizogawanyika wala kutenganishwa. Wakristo wengi wa Misri na Siria hawakuupokea mtaguso huo, nayo dola ya Kirumi ikabaki na ufa. (Usiwahesabu ndugu zetu Wakopti na Waethiopia kuwa wanakana ubinadamu wa Kristo, mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja wakimkiri kuwa Mungu kamili na mwanadamu kamili.) Kaisari Heraklio, akitaka kuuziba ufa huo, alitoa tamko mwaka 638 kwamba katika Kristo mna utashi mmoja tu. Lilionekana jambo dogo, la kuleta amani.

Aliyelipinga kwa nguvu zote alikuwa mmonaki, Mtakatifu Maksimo Muungamadini. Mwaka 645, mjini Karthago, katika nchi tunayoiita Tunisia leo, alijadiliana hadharani na Piro, aliyewahi kuwa patriarka, yaani askofu mkuu, wa Konstantinopoli. Hoja yake, nikiifupisha, ni hii: Baba na Mwana ni Mungu mmoja, wana utashi mmoja wa kimungu, basi ikiwa Kristo hana utashi wa kibinadamu, sala ya Gethsemane ama inaonyesha Mwana akishindana na Baba ndani ya Mungu, ama ni maneno matupu. Yote mawili hayakubaliki. Anayeomba ni Mwana, Nafsi ileile moja, lakini anaomba kwa utashi wa kibinadamu alioutwaa. Utashi huo, kama ule wa kila kiumbe kilicho hai, unakimbia kifo, na kukimbia kifo si dhambi, kwa kuwa Muumba ndiye aliyeweka ndani ya viumbe vyake hamu ya kuendelea kuwapo. Kisha Maksimo anaonyesha jambo ambalo wengi hulipita: nusu ya pili ya sala, “bali utakavyo wewe”, nayo imesemwa kwa utashi uleule wa kibinadamu. Utashi ulioogopa ndio uliotii.

Msimamo huo ulimgharimu. Alihukumiwa Konstantinopoli, akahamishwa, akahukumiwa tena mwaka 662. Wakamkata ulimi na mkono wa kuume, viungo alivyotumia kufundisha na kuandika, akafa uhamishoni mwaka huohuo, mzee wa miaka zaidi ya 80. Mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli, wa mwaka 680 hadi 681, ulitangaza kwamba katika Kristo mna tashi mbili, ule wa kibinadamu ukiufuata wa kimungu bila kuupinga. Mtaguso huo ulimlaani hata Papa Honori, aliyekuwa amekwisha kufa, kwa kuwa aliandika kwa namna iliyowapa nguvu wenye kosa. Ni sehemu ya historia yetu, na mtu akikutajia usishtuke.

Ukiwa umefika hapo, unaweza kumrudia jirani ukiwa na la kusema. Katika bustani ya Edeni utashi wa mwanadamu ulimkatalia Mungu. Gethsemane utashi wa mwanadamu, ulio wa Mwana wa Mungu mwenyewe, ulimkubalia Mungu mahali pagumu kuliko pote, mbele ya kifo. Mtume Paulo anasema kwamba kwa kuasi kwake mtu mmoja wengi waliingizwa katika hali ya wenye dhambi, na kwa kutii kwake mmoja wengi wataingizwa katika hali ya wenye haki (Rum 5:19). Neno la msamaha lililotamkwa kutoka mbinguni lingeweza kutufutia kosa. Kule kukubali, hata hivyo, kusingekuwa kumetoka ndani ya ubinadamu wetu. Ubinadamu huo huo ukapita katika mauti, ukafufuka, wala Mwana hakuuvua alipopaa. Ndiyo maana katika Kanuni ya Imani tunasema alishuka “kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu”, na tunapofika kwenye maneno ya kutwaa mwili tunainama, na siku ya Noeli na ya Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi, tunapiga magoti. Jirani yako hatakubaliana nasi, kwa kuwa imani yake haikubali kwamba Mungu ana Mwana, na sikushauri ubishane naye ili umshinde. Inatosha ajue kwamba hatumfikirii Mungu kama mdai asiyeweza kusamehe mpaka alipwe damu.

Kuhusu mama, jibu ni wazi: alichoambiwa si sahihi. Huenda mwanajumuiya huyo alikuwa na mawazo ya andiko lisemalo “katika pendo hamna hofu” (1 Yoh 4:18), lakini Yohana anazungumzia siku ya hukumu na hofu ya adhabu, hofu ya mtu asiyeamini kwamba Mungu anampenda. Hofu ya kufa ni kitu kingine. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba Bwana, katika siku za mwili wake, alimtolea Mungu maombi na dua “pamoja na kulia sana na machozi” (Ebr 5:7), na kwamba alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi (Ebr 4:15). Mama akiogopa hajapungukiwa na imani. Anapita mahali ambapo Kristo alikwisha kupita na kupatakasa. Linaloweza kuharibu ni kumfundisha aione aibu hofu yake, akaificha hata kwa Mungu.

Mwambie paroko wenu mapema aje ampe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, wala msingoje mpaka apoteze fahamu. Mkisali naye kwa maneno ya Gethsemane, msiiruke nusu ya kwanza ili mfike haraka kwenye ya pili. Mwacheni aseme “uniondolee kikombe hiki” kadiri anavyohitaji, na nusu ya pili msimlazimishe. Mwombeeni apewe kuisema. Na siku mtakaposoma Marko 14 nyumbani kwenu, mwalikeni na yule mwanajumuiya.